Kuipa Bahari Kisogo

Siku za bamvua, maji yakipwa sana, wanawake wa kijiji cha Mpande hushuka miambani kubandua kome kwa vyuma. Huifanya kazi hiyo wameinama, bahari wameipa kisogo, na bahari haina urafiki na mtu. Ndiyo maana mmoja husimama juu, macho majini, apige kelele wimbi kubwa likija. Asubuhi hiyo ya Oktoba alisimama Nokwakha, aliyeolewa juzijuzi na mwana wa MaKhwetshube. Alikuwa ameitamani sana zamu hiyo, maana mke aliyekabidhiwa roho za watu si mgeni tena.

"Huyu uji humuungulia akishangaa kuku," alinung'unika MaKhwetshube, mama mkwe. "Leo namjaribu. Akikosea mara moja tu, abaki jikoni na moshi wake."

"Nitaangalia, mama," Nokwakha akajibu, kichwa chini.

Na aliangalia kweli, hata kupepesa aliogopa. Ghafla maji mbele ya mwamba yakaanza kuvimba, meusi, yakipanda.

"Wimbi! Tokeni! Wimbi!"

Wanawake wakatimua mbio, magunia wakayaacha. Wimbi halikuja. Maji yalipasuka akatoka nyangumi, mrefu kuliko nyumba tatu zikipangwa, na ubavuni mwake mtoto. Akapumua. Pumzi ile iliwanyeshea nyusoni, inanuka samaki. Jicho lake, dogo kwa mwili ule, liliwapitia mmoja mmoja bila haraka. Nokwakha hakujua anaogopa au anafurahi. Alijua tu kwamba hajawahi kujiona mdogo namna ile, na kwamba udogo huo ulikuwa mtamu.

Kule chini maji yakazoa gunia moja, la MaKhwetshube.

"Ndilo wimbi lako hilo, shoga?" Nozinto, jirani yao, akacheka huku anajipangusa uso. "Mbona lina macho?"

Nokwakha akangoja matusi. Mkwewe hakumtazama. Alisimama mdomo wazi mpaka mama na mwana walipoipita ncha ya mwamba, wakielekea kusini.

"Miaka arobaini nakuja hapa," akasema. "Kumbe wanapita mgongoni mwangu."

"Nisamehe, mama. Gunia lako..."

"Nyamaza." Akamtia chuma chake mkononi. "Kesho utabandua wewe. Kuangalia, nitaangalia mimi."