Kipepeo wa Piké ya Saba

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na ine ya mwezi wa tano, mwaka 2024, saa tatu ya asubuhi, uji wa Muzee Liévin ukiwa bado moto. Alisikia nyundo nyuma ya nyumba. Akatoka na kikombe mukononi, akakuta wanaume watatu wanapigilia mapiké, zile mbao fupi za kupimia viwanja, ndani ya kapori ka pembeni ya mto. Ni pale muke wake Musoki alikuwa akiokota kuni, na siku zingine kukaa tu, kama mutu aliyealikwa.

"Munafanya nini hapa?"

"Tunakata viwanja," shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa aliyekuwa akiwasimamia, akajibu bila kumutazama. "Hapa hakuna kitu, Muzee. Ni pori tu."

Muzee Liévin hakuwa mutu wa kushangaa mabaya ya wakubwa. Barabara ikiharibika, ni wakubwa. Mvua ikizidi, ni wakubwa vilevile, maana hawakuchimba mitaro. Hata kuku wake akikosa kutaga, alikuwa akitazama upande wa komine, ofisi ya wakubwa. Na juu ya Musoki hakuwa na mashaka hata kidogo: gari iliyomubeba kwenda hospitali ya Nyankunde ilikwama mu matope tangu asubuhi mpaka jua kuzama, akafia mulemule, na ile matope ilikuwa na wenyewe. Tangu hapo, mwaka na nusu, hakuwa na cha kuwaomba.

Lakini kapori kalikuwa ka Musoki. Mule ndani alikuwa akiona kipepeo mumoja mweusi, mukubwa kama kiganja, mwenye mustari wa bluu na mikia miwili. "Leo nimemuona tena," alikuwa akisema. Na Muzee alikuwa akijibu: "Weye na wadudu wako. Leta chakula."

Basi akaenda mu biro, ile ofisi ya mazingira. Kijana wa pale, jina lake Dany, akafungua kitabu cha picha, na Muzee akaweka kidole palepale. Dany akainama juu ya picha.

"Huyu, Muzee? Tangu wakati wa Wabeleji hakuna aliyemupiga foto hapa kwetu."

Akamueleza: alete foto ya kipepeo, na mahali paonekane, mbele ya Ijumaa jioni. Hapo biro itasimamisha mauzo mpaka shefu ajibu. Bila foto, Jumatatu viwanja vinauzwa na miti inaanguka.

Kwa mambo ya foto Muzee alijua mutu mumoja tu: shemeki yake Angélique, mudogo wa Musoki, mwenye kupiga foto za ndoa na za pasipoti karibu na soko. Alikuwa na kamera nzuri na mudomo mubaya.

Jumatano asubuhi Angélique akamukuta mulangoni amevaa suti nyeusi ya kanisa, kravati, viatu vya kung'aa, na amejipaka mafuta ya harufu mpaka masikioni.

"Shemeki! Nimeitwa juu ya kipepeo ao juu ya bwana-arusi?"

"Foto ni foto. Mutu anajitayarisha."

"Na bibi-arusi iko wapi? Ile ya mikia miwili?"

Wakakaa mu kapori kutwa nzima. Angélique alimwaga makapi ya kasiksi, pombe ya ndizi, juu ya jani. Wakaja nzi, wakaja nyigu, akaja kuku wa jirani, akalewa. Mara moja tu kipepeo alipita juu, akashuka kidogo upande wa Muzee, akakutana na ile harufu ya mafuta, akarudi juu kama mutu aliyekosea nyumba.

"Umeona? Amekukataa," Angélique akasema. "Hawa wanapenda chumvi, shemeki. Jasho. Tena jasho ya zamani, nimesoma mu telefone." Akamutazama kwa pembeni. "Na mimi najua nguo moja hapa Bunia..."

"Apana."

"Sijasema bado."

"Ile shati, apana."

Shati yenyewe, ya kaki, ilikaa ku musumari nyuma ya mulango. Musoki ndiye aliifua mara ya mwisho. Musoki ndiye alishona kola kwa uzi mweupe, juu uzi wa kaki ulikuwa umeisha. Tangu siku ile Muzee amelima nayo, ameianika, amelima nayo tena, lakini sabuni haijaigusa. Kanisani watu walimushukuru Mungu kwamba iko na suti.

"Mbuzi wanageuza njia, shemeki. Dada yangu angekufukuza mu nyumba."

"Angenifukuza," Muzee akakubali. Tangu Jumanne hakuwa amekubali kitu chochote.

Alhamisi akaibeba mwenyewe. Hakuona tawi la kufaa, basi akaivalisha piké moja karibu na maji, yenye namba saba ya rangi nyekundu, akafunga kifungo cha juu, sawa vile mama anatayarisha mutoto wa masomo.

"Akiipasua?"

"Kipepeo hana meno, shemeki."

Jua lilipopasha ile kaki, kipepeo akakuja. Akazunguka mara mbili, akakaa juu ya kola, kwenye uzi mweupe kabisa, akanyoosha ulimi wake mwembamba, akaanza kunywa. Kamera ikalia, ikalia tena.

"Kunywa polepole," Muzee akanong'ona. "Ni ya mwaka na nusu."

"Shemeki, unalia?"

"Ni jasho."

"Basi sogea mbali, asikuhamie."

Ijumaa Dany akashika ile foto kwa mikono miwili. Kipepeo, kola, namba saba nyekundu, vyote ndani. Akagonga muhuri. Akasema iandikwe neno kwa shefu, nyuma ya foto. Muzee na kalamu hawakuzoeana, basi Angélique akaandika vile alivyomuambia, na kwa mara moja hakuongeza lake. Foto ikapelekwa kwa shefu.

Sasa ni miezi. Kwanza shefu alikuwa safarini. Kisha alikuwa mugonjwa. Kisha alikuwa mu mukutano. Viwanja haviuzwi, na piké ya saba, mbao mbichi ya watu wenye haraka, imeanza kuota majani. Shati imerudi ku musumari wake. Kila Ijumaa Muzee Liévin anavaa suti, anapita mu biro kuuliza kama jibu limefika, na wanamujibu bado. Harudi na hasira nyingi kama zamani. Safari hii waliokwama ni wao. Na foto iko palepale juu ya meza ya shefu, na maneno yake nyuma:

"Mulisema hapa hakuna kitu. Sasa huyu, mwenye kunywa jasho langu juu ya piké yenu, ni nani?"