Vanishi ya Eropleni

Zuena alikuwa na neno moja la kumwambia mama mkwe wake, na tangu asubuhi lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Bi Mwanakhamisi alishuka jana tu kwenye basi la Iringa, na kitu cha kwanza kukitoa kikapuni kilikuwa chetezo, cha pili ubani. Leo Alhamisi. Jioni angefukiza nyumba nzima, kama walivyofanya wazee wake huko pwani walikotoka. Mkamwana gani mwenye adabu humkataza mama mkwe asifukize ubani usiku wa kuamkia Ijumaa?

Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na vanishi.

Mumewe, Muhidini, fundi saa, alikuwa akiunda eropleni ndogo ya mti mwepesi, mabawa yake yamevikwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Karatasi ile hupakwa vanishi ili ikaze. Zuena alisoma Kiingereza shuleni, naye ndiye aliyemsomea mumewe maandishi mekundu ya kikopo: weka mbali na moto, fungua madirisha, mvuke wake unalevya.

"Madirisha hayafunguliwi Julai hii," Muhidini alijibu. "Ukungu wa Mbeya ukiingia, vanishi inageuka nyeupe kama maziwa. Unataka eropleni yenye ukoma?"

"Nataka mume mwenye pumzi."

"Utapata vyote, bibie. Ngoja ikauke."

Basi Zuena akafanya alichoona ni busara. Aliandika onyo lile kwa Kiswahili, herufi kubwa, akalibandika mlangoni. Mama angejisomea mwenyewe, na hapo hakuna aliyemkataza.

Jua lilipokaribia kuzama aliingia kumwita Muhidini. Kwa vanishi ile chumba kilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mumewe alikuwa amelaza kichwa mezani, burashi mkononi. Zuena alitaka kumtikisa, akaona aketi kwanza, kidogo tu.

Alipoketi, sakafu ikawa mbali. Saa za wateja ukutani zilipunguza mwendo, zikawa zinaongea kwa kunong'ona, kama wanawake wanaomhurumia mtu. Mabawa ya eropleni yalipanda na kushuka, yakipumua. Chini yake aliona migomba ya Tukuyu ikipita, kijani juu ya kijani, na mito myembamba kama nyuzi za kushonea. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama mti ule wa eropleni. Alikumbuka kwamba kuna dirisha la kufungua, akawaza kwamba hiyo ni kazi ya mtu mwenye mikono.

Kisha harufu nyingine ikaja, tamu, ya sikukuu. Zuena akatabasamu. Ubani.

Ubani haunukii bila kaa la moto.

"Nyumba inanuka kama mkungu uliosahauliwa!" Sauti ya Bi Mwanakhamisi ilitoka ukumbini. "Ngoja niwasafishie, wanangu."

Mlango ukasukumwa. Zuena aliliona kaa jekundu ndani ya chetezo, likimtazama. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akainuka, miguu ikachelewa. Alimwendea mama mkwe wake kama mtu anayetembea ndani ya maji, akamkamata mkono, akamsukuma kinyumenyume hadi uani. Chetezo kilianguka huko nje, makaa yakatawanyika mchangani. Hakugeuka kutazama. Alirudi ndani, akamshika Muhidini makwapani, akamburura nje huku visigino vikichora mchanga.

Kitambaa kilicholowa vanishi kilikuwa kimenasa kwenye kifungo cha shati la Muhidini. Kilidondoka kando ya kaa. Vuu! Moto uliruka hadi usawa wa mabati, kisha ukafa.

Bi Mwanakhamisi alishika kifua. "Ya Rabi! Hicho kilikuwa kitambaa tu?"

Muhidini alikohoa, macho nusu wazi. "Nilikuwa juu ya mlima Rungwe... mawingu laini..."

"Shuka," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia Zuena. "Umenisukuma."

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana. Nilibandika karatasi mlangoni."

"Ile? Mimi nasoma herufi za Kiarabu, mwanangu. Hizo zenu nilidhani ni hesabu za fundi." Akaitengeneza kanga yake begani. "Wewe una ulimi, mimi nina masikio. Karatasi ya nini katikati yetu?"

Baridi ilikuwa ikimwondolea Zuena usingizi, tone kwa tone. Mwiba ukatoka.

"Basi nakwambia, Mama. Chumba kile moto hauingii. Si ubani, si kibiriti, si jiko la mkaa hata baridi iume vipi. Na wewe, Muhidini, utapaka vanishi hapa uani, au hutapaka kabisa."

Muhidini alitaka kubisha, kikohozi kikamkata.

"Amesema," alisema Bi Mwanakhamisi, akaanza kuyazima makaa kwa mchanga.

Zuena alibana pumzi, akaingia, akafungua madirisha yote. Aliporudi aliketi chini, akakipakata kichwa cha mumewe, akasikiliza kifua chake kikipanda na kushuka, taratibu, mpaka kikapumua kama cha mtu aliye nyumbani kwake.