Abee ya Kwenye Friza

Saa mbili asubuhi Kokushubila, fundi wa maabara moja ya Mikocheni, alifungua friza, akafuta barafu kwenye vichupa vya damu na kuandika halijoto kwenye daftari. Kichupa T-17 kikaita, "Najat! We Najat!" Akaandika hilo pia, akafunga mlango.

Friza ilikuwa ya Dakta Erasmus, aliyekuwa akitafuta jeni ya ugonjwa unaokula ubongo wa ukoo mmoja wa Tandika, kizazi hadi kizazi. Mtu huanza kutetemeka mikono, kisha husahau majina, mwisho husahau hata kumeza. Damu ya mwenye jeni hiyo ilisema ndani ya friza, hata kama mwenyewe hajaanza kutetemeka. Damu ya mzima ilinyamaza. Mashine ilipopima wiki tatu baadaye, haikupingana na vichupa hata mara moja. Tandika nzima walilijua hilo, wala hakuna aliyelifanyia mjadala.

Kilichomkera Dakta ni majina. Washiriki walipewa namba ili wasijulikane, na T-17 kilimtaja Najat mara kumi na nne kwa siku. Kamati ya maadili ingeuliza. Akaagiza friza ivishwe godoro la inchi nne, likazwe kwa kamba. Maadili yenyewe ndiyo hayo.

T-17 alikuwa Bi Mauwa. Huko Tandika alishinda mkekani na fulana ya mradi, yenye picha ya ubongo unaotabasamu, mate yakichuruzika juu ya tabasamu. Bintiye Najat, fundi cherehani, alimlisha uji kijiko kwa kijiko.

"Ahsante, nesi," Bi Mauwa alimwambia kila siku.

Mate hayatii kinyaa, mate yanafutika. Kinyaa ni ile fulana.

Najat alikuwa amechumbiwa na Faraji, muuza vitambaa. Mwaka mzima alikataa kutoa damu, lakini siku za ndoa zilipokaribia alikwenda mwenyewe Mikocheni. Alimkuta Dakta anakula chipsi mayai juu ya fomu za ridhaa, na mafuta yameshafika kwenye alama ya dole gumba la mama yake.

"Shikamoo, Dakta. Nikitoa damu, majibu nitapata lini?"

"Marahaba. Majibu hayatolewi, dada. Soma ukurasa wa sita." Akalamba kidole. "Ila jeni zenu ni adimu sana. Mna bahati."

"Mie bahati ya nini? Nataka kujua nizae au nisizae."

"Utafiti hauendi hivyo."

Najat akakunja mkono wa gauni. Huenda alidhani wakishaipata damu yake wataona haya. Watu hawa haya hawana. Kokushubila alimchoma sindano, akabandika namba T-43 kwenye kichupa, akakiweka jirani na T-17.

Ijumaa Najat na mama yake waliitwa maabara kuchukua fulana mpya. Walikaa kwenye benchi la korido. Friza ilikuwa inasafishwa, godoro limeegemezwa ukutani.

"Najat! We Najat!" T-17 kikaita.

Binti wa kwao Najat akiitwa na mama yake, huitika kwanza, mengine baadaye. Najat akafumbua mdomo. Kabla hajasema kitu, sauti yake mwenyewe ikaitika kutoka frizani, "Abee, mama."

Kokushubila akatazama sakafu. Najat akafunga mdomo.

Bi Mauwa aligeuza shingo taratibu. "Mtoto wa nani yule?" akauliza. "Kafunzwa adabu."

"Wako, mama."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mauwa, akaendelea kutazama ukuta.

Dakta alitoka na fomu nyingine, ya kuthibitisha kwamba sauti zinazosikika koridoni si majibu. Najat anajua kusoma na kuandika, lakini fomu ilitaka dole gumba. Akabonyeza. Dakta akamshukuru, akamkabidhi fulana ya saizi ya kati, kisha akaenda kunawa mikono kwa dawa.

Jumapili posa ya Faraji ilirudishwa. Jumatatu friza ilivishwa godoro la pili. Kokushubila alibandika sikio kwenye godoro, akasubiri, akaandika kwenye daftari: Halijoto hasi themanini. T-17 kimeita. T-43 kimeitika.