Jina Nililolifuta

...asilimia thelathini na moja, imekwama tena, au haijakwama, kompyuta za Mama Fausta ndivyo zilivyo, thelathini na mbili, haya, twende, maandishi yanageuka sauti na sauti itaingia kwenye kiredio kidogo cha wasioona ambacho kanisa limempa baba, na baba amekaa pale kwenye benchi la steshenari tangu aliposhuka basi la kutoka Mkata, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza kwenye feni akidhani ndiyo kompyuta, na sijamwambia nilichofanya, kwa nini nimwambie, kwetu jina la aliyekufa halitajwi, tangu tumzike kaka yangu huu mwaka wa nne hakuna aliyelitaja, hata mama akitaka kumsema anasema yule wa kwanza, basi nikaiamuru kompyuta ilitafute jina lile kokote liliko na mahali pake iweke marehemu, ikanijibu mara sitini na nne, imekwisha, sikulia, watu wa hapa Manundu wakaendelea kuingia kutoa fotokopi... "Anayesoma ni mtu?" baba anauliza, na Mama Fausta anamjibu bila kuacha kubana karatasi, "Si mtu, mzee, ni kompyuta yenyewe, Kiswahili chake cha kigeni kidogo lakini utakizoea," na baba anasema vizuri, vizuri kama si mtu, sijui ana maana gani, thelathini na tano, kaka ndiye aliyeyaandika haya yote, likizo ile trakoma ilipokuwa inamfunga baba macho, alikuja na kompyuta ya shule alikokuwa anafundisha, akaiunga kwenye betri ya gari, baba anasimulia jinsi babu alivyoingia Handeni na ng'ombe, yeye anachapa, sitaongeza wala sitapunguza, alisema, na kweli hakupunguza, baba akikatiza habari kumwuliza umeandika, naye anachapa umeandika, baba akiomba maji anachapa na maji, nilicheka mpaka mama akanifukuza niende kukamua... afadhali nisome kidogo kuliko kukodolea macho namba hizi, nafungua maandishi pembeni, Mwaka ule walikufa wote isipokuwa mtamba mmoja, marehemu, umeandika hilo? nashuka chini, Marehemu, mbona umenyamaza, nashuka tena, Marehemu, niletee maji kisha tuendelee, Mungu wangu, sikusoma, niliamuru tu na sikusoma, baba atakaa bomani na kiredio sikioni ajisikie anamwagiza maiti maji... "Na pale ninapomwita, itasoma pia?" sauti ya baba, ndogo, "Unapomwita nani, mzee?" anauliza Mama Fausta, na baba anaigeuza fimbo, "Kijana wangu aliyeandika. Kwetu mtu akishakufa hatulisemi jina lake, mimi sisemi, na huyu dada yake Nasinkoi hasemi. Lakini hiyo mashine si ya ukoo wetu, haikatazwi. Ndiyo nimekuja," na Mama Fausta anaacha karatasi zake, "Itasoma kila kitu, mzee. Pole sana," thelathini na nane, kila kitu, na mimi nimegeuka jiwe hapa kwenye kiti, maana nimeisingizia mila, si mila iliyonituma, ni woga, niliogopa mashine ilitamke jina lile ninapojaribu sauti nianguke mbele ya wateja, nimemfutia mzee kitu alichofunga safari kukifuata ili mimi nisilie, Lemayian, nimelisema, moyoni tu, Lemayian, na mbingu hazijaanguka, kidole kiko juu ya kitufe cha kusimamisha, nitasimamisha, nitarudisha yote sitini na nne, na bado natafuta kwa macho, nashuka ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu baba anauliza umeandika, na kaka siku ile alikuwa anajibu, nilimsikia kwa masikio yangu, ndiyo baba, nimeandika baba, lakini hakuna, aliandika kila neno la baba na lake hakuandika hata moja, baba atamwita, kisha itakuwa kimya, atamwita tena, thelathini na tisa, feni inazunguka, na baba bado ameuelekeza uso kule, anasubiri.