Uyoga wa Bi Zdenka

Mtu mzima akilala chini ya benchi la kituo cha basi, makalio yakitazama mbingu, basi ama amelewa ama kaanguka. Ndivyo Bi Zdenka alivyojua maisha yake yote kule mjini Ostrava. Kwa hiyo alipomkuta Hynek, fundi wa matrekta wa hapo kijijini Lhotka, katika hali hiyo, aliinama akamuuliza kama amwitie daktari.

"Hapana, mama. Nakaza skrubu," alisema Hynek.

"Bila bisibisi?"

Hynek alifikiri kidogo, akaona hana pa kukimbilia. Akaanza kueleza huku bado amelala. Kuna watu, alisema, tena dunia nzima, wanaoficha vijaluba. Namba za mahali wanaziweka mtandaoni. Mwingine anazifuata kwa simu yake, setilaiti zikimwongoza, na akikipata kijaluba anaandika jina lake kwenye kikaratasi kilichomo, kisha anakirudisha kilivyokuwa. Sharti asionekane na mtu asiyejua mchezo.

"Na mimi nimekuona."

"Ndiyo maana nikasema skrubu."

Bi Zdenka akaweka mfuko wake wa mkate chini, naye akalala. Alipapasa chuma cha benchi, akapita chingamu kavu, akapita kutu, mara kitu kidogo chenye sumaku kikamjia mkononi. Moyo ukamdunda kama wa msichana. Alikuwa amehamia Lhotka tangu theluji ilipoyeyuka, baada ya kustaafu kazi ya kupaka rangi mapambo ya jukwaani, na muda wote huo hakuna aliyemwambia zaidi ya "siku njema". Walimwita "yule wa Ostrava". Hapo chini ya benchi ndipo mtu wa Lhotka alipocheka naye mara ya kwanza.

Basi akanogewa. Hynek alimwekea mchezo kwenye simu, wakatafuta jina la kuchezea. Majina mazuri yote yalikuwa yameshachukuliwa na Wajerumani, akajiita Bata Mzinga. Kufika mwisho wa kiangazi alikuwa amepanda minara, amechubuka magoti, na amefukuzwa na mbwa wa paroko.

Wasakaji wa vijaluba wa Lhotka walikutana kila Alhamisi kwenye baa, na mkubwa wao alikuwa mzee Vratislav, bwana misitu mstaafu, mtu wa masharubu na sheria. Desturi yao ilikuwa hivi: njoo, kunywa, sikiliza, lakini hujawa mwenzao mpaka ufiche kijaluba chako mwenyewe. Namba unampa mzee Vratislav peke yake, akague. Siku ya Jumamosi kundi zima linatoka kukisaka, na wote watie saini. Kisipopatikana, au mahali pakiwa pa hovyo, unangoja hadi vuli ijayo. Kwa mtu wa umri wake, akiwa hana wa kula naye Jumapili, vuli ijayo Bi Zdenka aliiona iko ng'ambo ya pili ya dunia.

Alizunguka msituni wiki nzima na kikapu cha uyoga mkononi. Kikapu ndicho kificho cha wasakaji wa kule, maana mwenye kikapu msituni haulizwi swali. Ila yeye uyoga hakuujua hata mmoja, jambo ambalo katika nchi ile ni sawa na kusema hujui kuchemsha maji, kwa hiyo alilifanya siri. Mwishowe alipata kibonde kizuri nyuma ya miamba, kimya, hakuna hata ganda la peremende. Akaficha chupa ya jamu kwenye kisiki.

Alhamisi alimpa mzee Vratislav simu asome namba. Mzee alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Povu la bia likamkauka kwenye masharubu.

"Hapo mahali pana nyigu," alisema.

"Sikuona nyigu, mzee."

"Hawaonekani. Ndio ubaya wao."

"Tangu lini wewe unaogopa nyigu?" aliuliza Kveta, mkewe, aliyekuwa naye msakaji, tena hodari kuliko yeye.

"Na pana majimaji. Na popo. Popo hawasumbuliwi, ni sheria."

"Popo gani wanakaa majini na nyigu?" alisema Hynek. "Mimi hao nawalipia kiingilio."

Meza nzima ikacheka. Mzee hakuwa na kanuni ya kumkatalia, akakubali kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Ijumaa asubuhi Bi Zdenka alikwenda kuangalia kama chupa imekaa vizuri. Mzee Vratislav alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, kisu mkononi, na mbele yake, kwa kuwa jana yake mvua ilikuwa imenyesha, uyoga wa kahawia ulikuwa umejaa kibonde chote, mnono kama watoto waliolishwa vizuri. Alikuwa anakata hata uliokuwa haujakua.

Mtu wa kule atakupa koti lake, atakupa hata mafua yake. Mahali pake pa uyoga hakupi. Padri mwenyewe haambiwi kitubioni.

"Baba alinichorea njia ya hapa kwa kidole kwenye shuka, akiwa anakata roho," alisema mzee bila kugeuka. "Karatasi hakutaka."

"Na Bi Kveta hajui?"

"Kveta ana dada wanne."

"Mzee wangu, mimi nilitafuta mahali pasipoendwa na mtu."

"Hapaendwi na mtu kwa sababu naenda mimi."

Alisimama akajikung'uta magoti. Bi Zdenka alingoja aombwe, au afokewe. Angefokewa, angekataa, wallahi. Lakini mzee alisema tu, "Umeficha kwa haki. Kesho nitawaleta," akaondoka na kikapu, mgongo umempinda.

Bi Zdenka akatoa chupa kwenye kisiki, akarudi nyumbani akijilaumu. Mahali pengine hakuwa napo. Alikuwa na bustani yake yenye miti miwili, na kwenye droo alikuwa na uyoga wa mbao wa marehemu mama yake, ule wa kuingiza ndani ya soksi unaposhona tundu. Kichwa kinafunguka kwa kuzungusha, ndani kuna uwazi wa sindano. Akafurahi. Watu wa uyoga hawa, aliwaza, watauona mara moja, watie saini, yaishe. Akafungua picha za uyoga, akachagua uliompendeza kuliko yote: kofia ya kijani kilichofifia kama hariri ya zamani, pete shingoni, na kikombe cheupe mguuni. Majina chini ya picha hakusoma. Akaupaka rangi kwa ufundi wake wote wa jukwaani, akausimika bustanini chini ya mti mmoja, mbetula.

Jumamosi walimpitia nyumbani, wana buti na vikapu.

"Namba zimebadilika," alisema Bi Zdenka. "Ni hapa kwangu."

Wengine waliguna. Mzee Vratislav peke yake alisema, "Vizuri sana, vizuri kabisa," haraka mno, na Kveta akamtazama.

Hawajaanza hata kuinama, mzee akanyanyua mkono. "Simameni hapo hapo. Asiguse mtu." Alikuwa ameuona chini ya mbetula. Akawakusanya, akawahutubia. Huo mmoja, alisema, unaua familia nzima. Kwanza unatapika, halafu unajiona umepona, halafu ini linakwisha. Wote wakavua kofia, nusu kwa heshima, nusu kwa woga. Kisha mzee akauzungushia vijiti, akafunga leso yake nyekundu juu, ili mtu asiukanyage.

Bi Zdenka alisimama na birika mkononi, akitazama kijaluba chake kikizungushiwa uzio. Mwenye kuficha haonyeshi. Hiyo nayo ni sheria.

Walisaka. Walifungua taa ya geti, walipekua mabomba ya paa, Hynek aliingiza kichwa kwenye pipa la mvua akatoka na nywele zimejaa majani yaliyooza.

"Mama, tupe hata kidokezo," alisema.

"Mmeshapita karibu nacho."

"Mimi nimepita karibu na kila kitu. Nimepita karibu na kifo."

Mvua ikaanza. Mzee Vratislav alimsogelea Bi Zdenka, na ilionekana inamuuma. "Nina deni kwako," alinong'ona. "Lakini kisipopatikana, desturi ni desturi. Nielekeze kwa jicho tu."

Bi Zdenka akautazama uyoga, akaukazia macho mpaka yakamtoka machozi.

"Usihofu," alisema mzee, akimpapasa bega. "Nimeuwekea uzio."

Hapo Kveta akatupa fimbo yake, akauvuka uzio.

"Kveta, usiguse huo."

"Miaka yote ya ndoa, bwana, uliponikataza nisiende ndipo palipokuwa na kitu." Akaung'oa, akazungusha kichwa, akachomoa kikaratasi. Kisha Hynek akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Walitia saini wote, mmoja mmoja, chini ya ukingo wa paa. Mzee Vratislav alikuwa wa mwisho. Alijua ni mbao, alikuwa ameugonga kwa ukucha akasikia mbao, na bado aliushika uyoga ule kwa leso.

"Na zile namba za mwanzo," Kveta alimuuliza Bi Zdenka, taratibu, "zilikuwa za wapi vile?"

Kalamu ya mzee ikasimama.

"Nimezifuta, mwenzangu."

"Zote?"

"Zote."

Kveta alimtazama muda, akamtazama mumewe aliyekuwa ameinamia kikaratasi kama anasoma Injili.

"Haya," alisema. "Umeshakuwa mtu wa Lhotka." Akavua buti, akaingia jikoni kwa Bi Zdenka, akaanza kufungua makabati kutafuta sufuria kubwa, bila kumwuliza mtu.