Wimbo Usio na Kichwa

Mama yangu aliacha kuniita mwanangu asubuhi moja nikiwa natia uzi kwenye sindano. Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu yake dukani, akaniuliza, "Fundi, gauni langu litakuwa tayari lini?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana kwa utani mama hakuwa na mpinzani. Kumbe hakuwa anatania. Tangu siku hiyo nikawa Fundi, kama ninavyoitwa na kila anayeleta suruali ya kupunguza. Nampikia, namwogesha, namsuka nywele, na kila jioni ananishukuru: "Asante, Fundi. Nyumbani kwenu hawajambo?" Nyumbani kwetu ni hapahapa, nyumba yenye chumba cha mbele cha kushonea na benchi lake karibu na cherehani yangu. Nasema ukweli, hakuna kitu nilichokitamani kama kulisikia neno lile tena. Mwanangu. Hata kwa kukosea.

Kisha akaanza kuimba.

Sasa hilo ndilo lililonifanya nitoe macho, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kuimba. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia hata akiimba chinichini jikoni. Harusini alipiga makofi tu, na ukimchokoza aimbe anakwambia yeye ni muuza vitambaa, nenda ukawasumbue wenye kazi hiyo. Mchana ule aliweka mikono mapajani, akafumba macho, ikatoka sauti safi ambayo sikujua inakaa ndani yake.

Ila wimbo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ulikwenda chini, ukazunguka palepale, ukakatika. Maneno yalikuwa machache: "nami nipo," halafu kimya, halafu "nami nipo" tena. Kwenye ule ukimya alikuwa akigeukia kushoto kwake, ambako hapakuwa na mtu, akingoja. Asipopata alichokingoja, uso ulimshuka, na siku hiyo chakula hagusi. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Aliniambia, "Huwezi kuelewa, Fundi," na kweli sikuelewa.

Kaka yangu alipokuja Jumapili nilimwambia. Yeye ni mwalimu wa udereva, na huzungumza na kila mtu kana kwamba kashika usukani vibaya. Akamsikiliza mama mpaka mwisho, akanivuta pembeni.

"Mama alikuwa na mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu! Kabla ya baba. Wewe mtoto mdogo nini?"

"Kaka, nenda zako. Mama na mambo hayo wapi na wapi?"

"Haya. Asiyejua maana haambiwi maana."

Tulicheka mpaka mama akauliza kama sisi ni mke na mume. Kicheko kikaishia hapo.

Kilichonitia hofu ni kwamba wimbo ulikuwa unapungua. Kila baada ya siku chache kipande kimoja kilikuwa hakipo, kama kipande cha sabuni kinavyoisha mkononi. Nikawaza: neno langu limeshapotea, lakini huyo anayengojwa bado anakumbukwa. Nikimpata kabla wimbo haujaisha, huenda akamrudisha mama, na mama akirudi atanikuta hapa. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yangu yote, na sioni aibu kuyasema.

Nikamrekodi kwenye simu. Nikampelekea fundi redio wa barabara ya pili, mzee aliyesikia kila santuri iliyowahi kupita mjini. Alisikiliza kichwa kainamisha, akanirudishia simu. "Fundi mwenzangu," akasema, "huu wimbo hauna kichwa. Ni kiwiliwili kinatembea chenyewe." Wateja niliowasikilizisha waliniambia hivyohivyo, kila mmoja kwa maneno yake, na mmoja akanishauri nimpe mama dawa ya usingizi. Gauni la mteja huyo nililichelewesha makusudi.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kwaya. Alikuja kujaribu joho nililokuwa namshonea, na mama akaanza kuimba wakati mkono mmoja wa mwalimu uko ndani na mwingine uko nje. Akabaki vilevile, kama nguo iliyoanikwa vibaya.

"Nani alimfundisha mama sauti ya pili?"

"Sauti ya pili ya nini?"

"Huu si wimbo mzima, Fundi. Hii ni sauti ya chini, ya kuitikia. Wimbo wenyewe anao mtu mwingine. Mama anaimba upande wake, akifika pale anampisha mwenzake, na mwenzake haingii."

Nilisimama na pini zangu mdomoni. Mwalimu akaniambia nitazame mkono wa kushoto wa mama. Ulikuwa unapigapiga hewani, taratibu, pembeni ya paja lake. Miezi yote hiyo mimi nilikaa kulia kwake kwa sababu cherehani iko kulia, na ule mkono nilidhani unatetemeka kwa uzee. Mwalimu akaketi kushoto. Mkono wa mama ukatua gotini kwake, ukapiga mapigo mawili matatu, kisha mama akafumbua macho, akamtazama.

"Siyo wewe," akasema, na kuuondoa mkono kwa upole.

Jioni nilimpigia kaka, nikamweleza habari ya goti. 

"Nimeshauona mkono huo," akasema. "Msiba wa babu. Wewe ulikuwa mgongoni bado. Nilikaa miguuni mwa mama na Mama Mkubwa. Watu wote wanaimba, wao midomo wameifunga, wanatazama mbele kama hawajuani. Lakini mkono wa mama uko kwenye goti la Mama Mkubwa, na wa Mama Mkubwa uko kwenye goti la mama. Wanapiga. Mimi nilidhani wanafinyana!"

Mama Mkubwa ni dada wa pekee wa mama. Kwetu alikuwa salamu za misibani tu. Anaishi mbali, anakuja, anazika, anaondoka, na mama hamsindikizi. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Katika ukoo wetu watu wakikosana hawapigani, wanasusiana, na kususiana kwetu hakuna mwamuzi. Kuna msemo kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tulilima kweli, mpaka tukasahau ugomvi ulikuwa wa nini.

Nilipata namba yake kwa binamu. Nikampigia, nikajitambulisha, akasema, "Ah, yule mshonaji." Sikumwambia neno jingine. Nikamwekea ile rekodi ya mama akiimba.

Mama akaanza. Halafu juu ya sauti ya mama ikaja sauti nyingine, ya kizee, imekwaruza, lakini inajua inakokwenda. Pale mama alipokatika, yeye akapita. Mama alipozunguka palepale, yeye akapanda. Nilikaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko nilivyofikiria.

"Anaburuta pale kati," Mama Mkubwa akasema ulipokwisha. "Siku zote alikuwa anaburuta." Kisha akalia.

Akanieleza. Walikuwa wakiimba harusini, wawili tu, hawana hata ngoma, goti kwa goti. Watu waliwaita Pacha Bandia. Yeye alipoolewa, mumewe hakutaka mke wa kuimbia watu. "Nikamwambia mdogo wangu atafute mwenzake mwingine. Nililisema hivihivi tu, kama mtu anayesema katafute ufagio mwingine. Akaniambia hafungui mdomo mpaka nirudi nimwombe. Nami nikasema, nimwombe mtoto niliyembeba mgongoni? Basi. Mume alikufa, nikaona muda umeshapita."

"Mama Mkubwa," nikasema, "panda basi."

Alifika akiwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na fimbo mkononi. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Karibu, bibi. Umeleta kitambaa?"

  Mama Mkubwa alikwenda kuketi kushoto, akachukua mkono wa mama, akauweka gotini kwake, akaanza. Mama akaingia bila kufikiri. Vile vipande nilivyodhani vimepotea vilirudi vyote, kimoja baada ya kingine, na pale juu ambapo sauti ya Mama Mkubwa haikufika tena, mama alipunguza mwendo, akamngoja.

Wimbo ulipokwisha mama aligeuka. "Dada," akasema, "mbona umezeeka hivyo?"

"Na wewe je? Hapa nyumbani hamna kioo?"

"Uliniacha."

"Nilikuacha. Nimekuja kukuomba."

Wakashikana, wakacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilisimama mlangoni na mkasi mkononi, nikingoja zamu yangu. Na zamu ikafika. Mama akaniona, akaniita kwa mkono, akamwambia dada yake, "Huyu ni Fundi. Mtu mwema sana. Sijui ni mtoto wa nani."

Nilikwenda uani, nikalia kwenye kamba za nguo. Nilimwonea wivu yule bibi kizee, nilimwonea wivu mbaya. Mimi ndiye niliyetafuta, yeye ndiye aliyekumbukwa.

Akanifuata, fimbo ikigonga sakafu. "Mimi siwezi kukaa," akasema. "Kifua hiki na wajukuu wale. Njoo nikufundishe sauti yangu."

"Sitaki kuwa wewe, Mama Mkubwa. Nataka kuwa mimi."

"Najua. Lakini mlango aliouacha wazi ni huo mmoja. Pita hapohapo."

Nilijifunza. Naimba kama bawaba isiyo na mafuta, na Mama Mkubwa hakunificha hilo. Alipopanda basi kurudi kwake, mama alilia siku nzima, na kesho yake akaamka hana habari kwamba kulikuwa na mgeni.

Mchana akaanza wimbo. Mkono wa kushoto ukatoka, ukapapasa. Nikaacha kola ya shati la watu chini ya sindano, nikazunguka, nikakaa kushoto, nikapiga moyo konde, nikaingia pale alipokatika. Mkono wake ukatua gotini kwangu na haukuondoka.

"Dada," akasema tulipomaliza. "Nimekukosa sana."

"Hata mimi."

 "Mimi nina watoto wawili, unajua? Wa kiume anafundisha watu kuendesha gari, na yeye mwenyewe anaendesha kama kabeba mayai. Na nina binti."

 "Yukoje huyo binti?"

"Mkali! Ulimi wembe. Lakini mikono yake, dada! Nilimfundisha kupima kitambaa kwa vidole akiwa bado hajui kushika kijiko. Anashona yule, usiseme." Akatazama mlango. "Siku hizi simwoni. Namngoja hapa, nashinda na Fundi tu."

"Pengine yuko karibu."

"Pengine hajui kama namngoja."

"Mwite basi," nikasema.

Mama akageukia mlango, akapaza sauti, ileile aliyokuwa akiniitia nikiwa nacheza barabarani na chakula kiko tayari. "Mwanangu! Mwanangu wee!"

"Abee, mama," nikaitika, palepale pembeni yake.

Hakugeuka. Macho yake yalibaki mlangoni, na tabasamu likaanza kumtanda usoni polepole. Akaniegemea begani.

"Unasikia?" akanong'ona. "Yupo. Yule ukimwita tu, anaitika."