Kola za Wenzake

Nilirudi kutoka semina ya siku mbili kichwa kimevimba, na ubao mweupe kwapani. Karakana yangu ya sare za shule ina mafundi wanne tu, lakini siku hiyo nilijiona mkurugenzi. Nikautundika ubao ukutani. Kila jioni niliandika kila fundi ameshona mashati mangapi, na aliyeongoza wiki nzima aliruhusiwa kuondoka mapema Ijumaa.

Fundi tunayemwita Kasi aliongoza tangu mwanzo. Wa mwisho alikuwa shangazi yangu, aliyenifundisha kushika sindano kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Niliandika idadi yake kwa tarakimu kubwa, nisije nikaambiwa napendelea ndugu.

Wiki ya tatu shule ikaturudishia mashati kumi na moja. Kola zilikuwa zimepinda, ncha moja ndefu kuliko nyingine. Damu ikanichemka. Sikuuliza mtu, nilishajiamulia kwamba ni macho ya shangazi. Nikamwita chumba cha pasi.

“Shangazi, naona umechoka. Labda upumzike nyumbani.”

Alivua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja taratibu. “Sawa, mwanangu. Ila mimi kola huanza kuishona katikati. Hizo angalia zimeanzwa wapi.”

Nikazigeuza moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimeanzwa pembeni.

“Mbona zamani hazikuwa zinarudi?” nikauliza, sauti imeshanywea.

“Zamani wenzangu walikuwa wananiletea kabla ya pasi. Nazivuta, nazilinganisha, iliyopinda namrudishia mwenyewe. Nusu ya siku yangu ilikuwa inaishia hapo. Sasa ubao wako unahesabu mashati yangu tu, kola za wenzangu haziandikwi popote. Na mimi naona aibu kuwa wa mwisho kila siku, kwa hiyo nikaacha.”

Miaka sita naongoza karakana ile, na sikuwahi kuliona hilo. Nilijichukia.

“Nisamehe, shangazi. Usiondoke.”

“Humu tuko wawili,” akasema. “Kwenye ubao ulinishusha mbele ya watu.”

Mimi kuomba radhi mbele ya wafanyakazi ni kumeza shubiri. Nilitoka hivyo hivyo, nikawaambia kwamba kosa ni langu, na kwamba kuanzia sasa hakuna shati litakalopigwa pasi kabla shangazi hajalipitisha; hiyo ndiyo kazi yake rasmi, si ya kuiibia muda tena.

Kasi akasimamisha cherehani. “Afadhali, bosi. Nilikuwa nakimbia tu, hata sijui nashona nini.”

Shangazi alirudi mahali pake, akanisogezea kiti. “Kola kumi na moja za kurudia ni nyingi. Na wewe kaa.”

Kola moja ilinichukua saa nzima. Nilipompelekea aliigeuza, akazivuta ncha zote mbili, akanirudishia mbele ya watu wote.

“Fumua,” akasema.

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikakaa nikafumua.